Betri ya Kigari Chako Chekundu

Baba Salma,

Ningekuuliza hali, lakini hata ulipokuwa hai, ukishaingia chini ya hicho kigari ulikuwa hujibu. Basi leo nyamaza tu unisikilize, maana nina hasira na wewe.

Naandika mwenyewe. Zile herufi za kisomo cha watu wazima ulizokuwa ukizicheka, ukisema "a" yangu imelala kama paka mgonjwa, ndizo hizi.

Ulipoondoka nikakaa eda. Ufunguo wa kigari nikaufunga kwenye pindo la kanga, asiuguse mtu, si Salma binti yako, si mumewe. Nilijua nakutunzia. Eda imekwisha, nimekwenda uani, nimefunua turubai, nimezungusha ufunguo kama ulivyokuwa ukizungusha. Tk. Basi. Hata taa haikuwaka. Tukakisukuma na majirani mpaka kwa muuza mkaa, kikakohoa, kikazima.

Fundi Kondo alipokuja akaniambia, "Bi Tatu, gari likikaa bila kuwashwa betri inaisha yenyewe. Kwani marehemu alikuwa anakiwasha kila Ijumaa kwa nini?"

Mwanamume wewe! Miaka yote nilidhani unacheza. Unatoka msikitini, unajipenyeza ndani ya kigari cha watu wawili, huendi popote, unangurumisha tu, moshi wote kwenye nguo nilizoanika. Napiga kelele, "Nguo zangu, Baba Salma!" Nawe unatoa kichwa dirishani, "Zitanukia safari, mke wangu." Neno moja tu la betri lingekugharimu nini?

Sasa mdogo wako Shomari. Hata vumbi la turubai halijatulia, kashafika. "Shemeji, gari lisilowaka ni chuma chakavu. Nina mtu Buguruni ananunua kwa kilo. Ijumaa nakuja naye."

Kwa kilo! Bosi wako alipofunga duka akaondoka nchini, kiinua mgongo chako kilikuwa hicho kigari, hakuna kingine. Ujana wako wote wa udereva umo humo. Leo upimwe kwenye mizani kama mifupa ya ng'ombe? Nikamuuliza, "Na kikiwaka?" Akacheka. "Kikiwaka, shemeji, kikae uani mpaka kiote mizizi, mimi sisemi tena."

Nikasema, "Haya."

Duka la serikali hawana betri, labda mwezi ujao, na zikija ni za malori. Nikapima lile shimo nyuma ya kiti kwa kanga, fundo la urefu, fundo la upana, nikashuka Gerezani kwa wauza vipuri. Muuzaji wa kwanza kaniletea betri ya lori, watu wawili wameibeba wanahema. "Bi mkubwa, kubwa ndiyo dawa." Nikatandaza kanga juu yake, mafundo yakaishia katikati. Nikamuuliza, na mimi nikae wapi, juu ya boneti?

Wa pili yake inang'aa, nyeusi tii, anaapa kwa mama yake ni mpya. Nikapitisha kidole. Kidole kikatoka cheusi. Kaipaka rangi ya viatu, Baba Salma! Nikamwambia, "Mwanangu, hii betri au buti la askari?" Wenzake walicheka mpaka akaifunika gunia.

Wa tatu ana kibetri kizuri, cha pikipiki. Nikasoma mwenyewe: volti sita. Kigari chako kinataka kumi na mbili, Kondo kaniambia. "Ni zile zile, mama, zinazidiana kidogo tu." Hapo nilisema maneno ambayo siwezi kukuandikia, uko mahali pa heshima.

Nimerudi miguu inawaka, kesho yake ni Ijumaa. Njiani, pale Msimbazi, nikamkuta Mzee Pazi, mwenzio wa bao. Teksi yake iko juu ya mawe, matairi hayapatikani mjini, lakini betri bado anaipeleka kuchajiwa, anaitunza kama mke mdogo. Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka nayo kaikumbatia. "Chukua, mke wa rafiki yangu. Nikipata matairi utanirudishia. Na kwa hali hii matairi nitayapata akhera." Nikapima kwa kanga: fundo kwa fundo. Nikalia pale pale barabarani, watu wanapita.

Kumbe kimo sikupima. Kondo alipoitumbukiza ikachomoza juu, kiti cha dereva kikagoma kurudi nyuma. Na waya haukufika, vichwa vya betri vimekaa upande mwingine. Nikasema yamekwisha. Kondo akaunga waya kwa kipande cha waya wa trekta, akasukuma kiti mbele mpaka karibu na usukani, akajaribu kuingia. Magoti yakamfika kidevuni. Hata wewe na miguu yako ya korongo usingeingia. Kondo akanitazama mimi.

Mimi naingia, Baba Salma. Kama nimeshonewa.

Shomari kafika na mtu wake wa Buguruni na kamba begani. Nikazungusha. Kikakohoa. Yule mtu akaanza kukunjua kamba. Nikazungusha tena, nimefumba macho, nakutukana moyoni. Kikanguruma! Mabati yote ya uani yakatetemeka, Shomari akaruka nyuma akakanyaga beseni langu, na moshi ukaenda moja kwa moja kwenye nguo. Nami kwa mazoea nikapiga kelele, "Nguo zangu, Baba Salma!"

Machozi yakanitoka.

Shomari akainamisha kichwa. Sasa alikuwa mdogo wako, siyo yule Shomari wa kilo. Nikakiacha kingurume mpaka machozi yakakauka, kisha Kondo akachomoa waya mmoja wa betri, kasema hivyo ndivyo itakaa muda mrefu. Naye amenifundisha kuuchomeka na kuuchomoa.

Lala basi. Bado nina hasira, lakini lala. Kila Ijumaa mtu atakaa kwenye kiti chako, na huyo mtu ni mimi. Alhamisi nitafua ile kanzu yako nyeupe, na Ijumaa nitaianika kwenye kamba ya mwisho, ile iliyo karibu na bomba la moshi.

Mkeo,
Tatu