Koti la Baba huko Mombasa

Adhis, uko? Baba ametuaibisha hapa Mombasa.

Tuko kwa hii bustani ya kuogelea, watoto wanateleza majini, yeye amekaa na koti. Koti, Adhis! Na hili jua!

Tangu kaka yangu Duke atulipie hii likizo, Baba anauliza tu: "Huyu hajawahi kunipeleka hata Kisii. Ananitoa nyumbani kwa nini?"

Sasa Duke akajaribu kumvua lile koti. Mzee akapiga kelele, hati ya shamba ikaanguka. Alisafiri nayo mfukoni! Tulicheka mpaka machozi.

Halafu jirani akapiga simu kutoka Nyacheki. Kuna watu wanapima shamba letu la chai. Wanasema wametumwa na Duke.

Adhis, ndio nakumbuka. Duke hakucheka.