Waya wa Mwethya Ninauanikia Mashuka

Mama Kagure, mshauri wetu wa gazetini, nakusalimu kutoka Zombe na naomba unishike mkono, kwa maana nimefanya jambo ambalo hata mchungaji siwezi kumwambia, naye yuko kwenye kamati ya simu.

Hapa kwetu simu tuliileta kwa mwethya, vile tunavyosaidiana kuchimba matuta ya shamba, watu wa boma kumi na mbili tukabeba nguzo na kuchimba mashimo, na marehemu mume wangu Ndeti ndiye alikuwa mwenyekiti. Alikuwa akipima njia ya waya kwa hatua zake, akihesabu kwa sauti, na mtu akimsalimia katikati ilibidi arudi mwanzo, basi watu wakawa wanajificha vichakani ili wasimsalimie. Alifariki mwaka jana, wiki mbili kabla simu haijafika, hakuisikia ikilia hata mara moja.

Kwa vile mwethya ni zamu, kamati iliamua simu nayo iende kwa zamu, wiki moja kila boma, wala hakuna boma la kurukwa. Kila Jumamosi tunabeba simu na roli la waya, Jonah fundi wetu anaunganisha kutoka nguzo ya mwisho, na mwenye zamu anapika uji. Watu huja kupiga simu wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Mzee Mutie huvua kofia akiongea na ndugu yake wa Mombasa, halafu anapaaza sauti mpaka siku moja opereta alimwambia, "Mzee, kwa sauti hiyo simu ni ya nini?"

Zamu yangu ilipofika niliiweka mezani karibu na kiti cha Ndeti, ikalia, na opereta akaniuliza, "Mzee Ndeti yuko?" kwa maana laini iliandikishwa kwa jina lake. Mama Kagure, tangu mazishi hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Nikasema, "Ametoka kidogo." Akasema, "Haya, msalimie." Nikageukia kile kiti nikakisalimia. Wiki nzima ikawa hivyo, mara yuko shambani, mara anaoga, na mimi nikawa nalala vizuri.

Ijumaa nikakumbuka kesho simu inaenda kwa Mutindi, boma lililo mbali kuliko yote. Nikachukua panga, nikakata waya wa roli hatua kumi na tano ili usifike kwake, nikizihesabu kwa sauti kama yeye, nikaufunga kutoka pembe ya jiko mpaka mwarubaini, nikaanika mashuka juu yake ili usionekane.

Jumamosi waya ukaishia katikati ya kunde za Mutindi. Jonah akapima mara tatu. Mzee Mutie akasema, "Ni hili jua, limeukausha ukajikunja." Mutindi hakulalamika, alileta kiti na mwavuli akaketi na simu hapo hapo kwenye kunde. Jumatatu alienda kuchota maji, simu ikalia, mbuzi akaangusha mkono wa simu akaulilia, na Jonah aliyekuwa akipita akamsikia opereta akisema, "Pole, Mzee Ndeti, hiyo homa ni mbaya."

Kamati ikasema simu irudi kwangu mpaka waya mwingine upatikane, na kwa vile hakuna boma la kurukwa, zamu zikasimama. Lakini Nthenya, binti wa pekee wa Mutindi, yuko Mombasa na atajifungua mwezi ujao, mimba ya kwanza, na ameandika atapiga simu kumweleza mamake kama wako salama. Kutoka kwa Mutindi mpaka kwangu ni mlima, na opereta hangoji mtu apande. Juzi Mutindi aliniletea kunde, asante ya kuwatunzia simu, akashika ule waya akasema, "Mwaitu Syombua, kamba yako ni imara. Ulinunua wapi?" Nikasema ni ya Ndeti. Nikapokea kunde.

Anayeharibu mwethya haitiwi tena watu shambani, na mimi ni mjane, matuta yangu nitachimba na nani? Nikirudisha waya nitaaibisha jina la Ndeti, na nisiporudisha je?

Syombua, Zombe, Mei 1988

*

Mwaitu Syombua, pole kwa kufiwa. Nimesema pole kwanza kwa sababu sasa nitakugombeza.

Mwanamke mzima unaficha waya wa boma kumi na mbili chini ya shuka! Mume wako alihesabu hatua zile moja moja ili simu ifike kila boma, na wewe umemwibia kumi na tano. Jina lake hutaliaibisha kwa kurudisha waya. Unaliaibisha kila unapoanika nguo. Na Mutindi amekuwa akiubeba waya huo kila Jumamosi, unadhani anaweza kuusahau? Alipokuuliza ulinunua wapi alikuwa anajua. Alikuletea nafasi ya kusema ukweli, pamoja na mboga, wewe ukachukua mboga.

Leo ukimaliza kusoma, anua mashuka. Kunja waya, upande mlima mpaka kwa Mutindi, peke yako, kabla ya kamati. Usianze na hadithi ndefu, mpe waya mkononi. Halafu Jumamosi mwambie Jonah aunganishe, na ukiri mbele ya wote. Watakucheka. Mzee Mutie atacheka zaidi, naye alisema waya umekaushwa na jua, kwa hivyo mkumbushe. Hakuna kikundi kitakachomnyima mjane jembe kwa kosa la wiki chache akilikiri mwenyewe. Na uji wa siku hiyo pika wewe, uwe mwingi.

Opereta naye mwambie kweli, ameipa pole homa ya mbuzi vya kutosha. Lakini usimruhusu abadilishe jina la laini. Omba kamati kitu kimoja tu: kila boma likishika simu liseme, "Hapa ni kwa Ndeti." Kwako angeitwa wiki moja tu kwa kila kumi na mbili. Hivyo ataitwa mwaka mzima, na mjukuu wa Mutindi akizaliwa, jina la kwanza Nthenya atakalosikia kutoka Zombe litakuwa la Ndeti.

Nenda sasa, kabla jua halijawa kali.