Jina Kwenye Wimbo wa Nne

Kitengela, 8 Machi 1999

Melvin mwanangu,

Habari ya huko Oslo? Baridi imepungua? Sisi tuko salama, ingawa mvua imekataa Kajiado yote. Dada yako Nasike anakusalimia. Salamu zimeisha.

Jana Githongo, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi yetu, aliniletea CD yako. Nilisikiliza nikifurahi, nakuambia ukweli. Kufika wimbo wa nne Githongo akaniuliza, "Wakhungu, si huu ni wako?" Nikachukua ile karatasi ya ndani ya CD. Imeandikwa: "Mama. Mtunzi, Melvin Wakhungu."

Nimepiga gitaa la besi kwa mahoteli ya Nairobi miaka thelathini. Viongozi wawili wa bendi waliweka majina yao kwenye nyimbo zangu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na nyinyi wa kulisha. Sasa wa tatu ni mtoto wangu?

Nijibu.

Baba yako

Oslo, 2 Aprili 1999

Mpendwa Baba,

Natumaini u mzima na presha imeshuka. Mimi niko salama.

Huo wimbo haukuwa na jina. Hukuuandika, hukuurekodi. Niliusikia kupitia ukuta, kwa sababu ukishika besi ulinifukuza sebuleni: "Toka, niko kazini!" Mama ndiye aliuimba jikoni ukishaenda hotelini. Kwangu ni wimbo wa Mama, na piano yote ni yangu. Ungenifundisha hata siku moja tu, tusingekuwa hapa.

Mwanao

Oslo, 15 Novemba 1999

Baba,

Barua tatu, kimya. Nimepiga simu dukani kwa Gakuru mara tano. Anasema, "Mzee amesema hayuko," na nakusikia ukikohoa hapo nyuma! Una hasira? Hata mimi niko nayo.

Nimewaambia waliotoa CD waichape upya. Mtunzi: Wakhungu, baba. Nakutumia moja. Usipojibu hii, sitaandika tena.

Mwanao

Kitengela, 20 Februari 2000

Melvin,

Habari? Mimi ni mzima, hata kama hukuuliza.

CD imefika. Jina liko sawa. Kilichobaki sikutaka kukisema kwa simu, watu wakinunua unga hapo dukani.

Huo si wimbo wa mama yako. Mwaka wa sitini na nane, wewe ukiwa na miezi saba, surua ikakushika. Daktari akatuambia turudi nawe nyumbani, hakuna la kufanya. Besi ilikuwa ya hoteli, haikuwa kwangu. Nikakulaza kifuani, nikakupigia mgongoni kwa vidole nikiuimba huo wimbo kwa sauti ya chini, siku mbili bila kwenda kazini. Siku ya tatu ukanyonya. Mama yako aliushikia hapo. Akiuimba jikoni, alikuwa anakuimbia wewe.

Viongozi wa bendi waliutaka, nikakataa. Nilikuwekea. Kukufukuza sebuleni ni kosa langu, nakubali. Lakini ungesema tu, "Baba, nipe," ningekupa, na jina langu ningelifuta mwenyewe. Uliiba kitu chako, Melvin!

Bado nimekasirika. Njoo Desemba, nikukasirikie ukiwa mbele yangu.

Baba yako