Fyuzi Niliyoiweka Mwisho wa Waya

Nachingwea, Alhamisi, Juni 2009

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na jua lililotoka mchana halikuwa na joto. 

Shajara, naandika haraka. Niko kwenye duka la intaneti karibu na stendi, nasubiri pikipiki. Nikikaa bila kufanya kitu nitalia mbele za watu.

Wiki hii gari la chama chetu cha wakulima linazunguka vijijini kugawa salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Ni pikapu ya zamani yenye bodi la mbao. Juu ya kichwa cha gari zimefungwa spika mbili za tarumbeta, zinaendeshwa na amplifaya ya gari. Anayetangaza ni dada Zuhura. Dereva ni kaka Bakari. Mimi ni karani wa ofisi. Nina miezi mitano kazini na bado niko kwenye majaribio.

Amplifaya ilikuwa chini ya kiti cha Zuhura. Ilikuwa inamchoma miguu, akaomba ihamishiwe nyuma, kwenye bodi. Bakari alitaka kuipeleka kwa fundi. Mimi nikasema kuna haja gani ya fundi, ni kurefusha waya tu. Nimesoma fizikia mpaka kidato cha sita, na ofisi nzima inalijua hilo kwa sababu nimewaambia.

Jumatatu nikaifanya kazi hiyo uani. Nyaya zilizokuwepo, ule wa chanya unaotoka kwenye betri na ule wa hasi, hazikufika nyuma. Nikachukua waya uliobaki tulipowekewa taa ofisini, ule wa kupitisha ukutani. Ulikuwa mwembamba, labda nusu ya unene wa ule wa kwanza. Nikausokota kwenye ncha za ule wa zamani, nikazungushia tepu nyeusi.

Zuhura alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai.

"Karani, hapo unaunga waya au unasuka ukili?"

"Mwache msomi," Bakari akasema kutoka chini ya gari. "Akimaliza atakusukia na mkeka wa kulalia."

Nikacheka nao. Nilikuwa na furaha, nakiri.

Waya wa hasi niliufanya vizuri. Bakari alitaka tuufunge kwenye bawaba ya bodi, nikamweleza kwamba bodi ni mbao na mbao haipitishi umeme. Nikaupeleka mpaka kwenye chasisi, nikakwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikakaza na bolti. Hapo sina wasiwasi.

Wasiwasi uko kwenye chanya.

Fyuzi ilikuwa karibu na betri. Niliitoa pale nikaihamishia nyuma, kando ya amplifaya, ili ikikatika Bakari aibadilishe bila kufungua boneti. Niliona ni busara. Hata Meneja wa chama alinipongeza.

Jana walikuwa Malolo, kwetu. Mama alinipigia kwa simu ya jirani kuniambia sauti ya Zuhura ilisikika mpaka shambani, na kwamba amemwambia kila mtu aliyekutana naye kisimani kuwa mwanawe ndiye aliyeunga nyaya.

Sasa naandika jambo ambalo mpaka saa tisa leo sikuwa nimemwambia mtu.

Leo saa moja na nusu asubuhi, Zuhura alikuwa anajaribu spika huku gari likipakiwa mifuko ya salfa kwenda Kilimarondo. Nikapitisha mkono chini ya mfuko wa kwanza, pale waya unapoingilia kwenye bodi. Ulikuwa na joto. Si vuguvugu. Ulikuwa kama kikombe cha chai ambacho mtu anasita kukishika. Na kilichokuwa juu yake ni salfa, ambayo hata mtoto wa shule anajua inashika moto.

Meneja alikuwa amesimama karibu yangu, anatazama saa. Nikafikiria jinsi ambavyo ningesema, "Teremsheni mifuko yote, nimekosea." Nikafikiria barua yangu ya ajira.

Nikatoa mkono. Gari likaondoka.

Mchana sikula. Nilikuja hapa kusoma kurasa za mafundi wa redio za magari, nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba joto lile ni la kawaida. Hakuna aliyeniambia hivyo. Wote wanasema waya wa kurefushia uwe mnene kama wa kwanza au zaidi, na maungio yabanwe au yalehemiwe, yasisokotwe tu. Penye kupita kwenye tundu la bati uvalishwe mpira usichunwe. Na fyuzi ikae karibu na betri, shibri moja au mbili tu, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Ikiwa mwisho wa waya, inalinda amplifaya peke yake. Waya ukichunika njiani ukagusa chuma, betri itamwaga nguvu zake zote humo, na fyuzi itabaki nzima.

Nilisoma maneno hayo mara tatu. Nikampigia Bakari. Hapatikani. Njia ya Kilimarondo mtandao unapatikana kwenye vilima viwili vitatu tu.

Saa tisa akapiga yeye.

"Karani wangu! Fyuzi yako imekatika mara mbili, na za akiba zimekwisha. Nimezungushia karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Sasa inaimba kuliko mwanzo!"

Maana yake hakuna tena kitu cha kukata umeme. Nyuma yake nikamsikia Zuhura.

"Mwambie gari linanuka! Tangu mtoni linanuka!"

"Salfa hiyo, dada! Umepanda gari la salfa ulitaka linuke udi?"

"Kaka Bakari," nikasema, "zima—"

Simu ikakatika. Nilipopiga tena, hapatikani.

Nikakimbia mpaka ofisini. Nilimweleza Meneja yote nikiwa nimesimama. Hakupandisha sauti, na ningefurahi kama angeipandisha.

"Uliugusa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, kabla hawajaondoka."

"Na mimi nilikuwa nimesimama wapi?"

"Pembeni yangu, mzee."

 Kisha akachukua kofia yake, akaenda hospitali kuomba watumie simu ya upepo kuita zahanati ya kule, ili mtu atoke akalisimamishe gari njiani. Aliniachia maneno mawili tu: "Tafuta pikipiki."

Sasa ni saa kumi kasorobo. Meneja amepita hapa mara moja. Amesema zahanati bado haijajibu.

Nimemtumia Bakari ujumbe: "Simama. Zima amplifaya. Fungua waya kwenye betri. Shusha mifuko yote. Inayonuka si salfa, ni waya. Tangu asubuhi nilijua unapata moto nikanyamaza." Nimeutuma mara nne. Simu inaonyesha kwamba haujapokelewa.

Nilipokuwa naandika ile sentensi ya mwisho nilitaka kuifuta. Bila hiyo ujumbe ungetosha kuwaokoa. Lakini Bakari namjua. Akidhani ni hofu zangu za kawaida atacheka, ataendelea kuendesha. Akijua kwamba niliona aibu kusema, ataamini.

Zuhura ana watoto wawili. Jumatatu alinimegea andazi lake.

Pikipiki imefika, inaunguruma mlangoni. Mwenye nayo anasema siku hizi tembo wanavuka ile njia jioni, na akiwaona atageuza papo hapo, hata nikimwongezea nauli. Nimemwambia akigeuza aniteremshe, nitaendelea kwa miguu. Amenitazama viatu, halafu akanitazama usoni.

Nimelisema mbele ya watu. Je, tukiwakuta tembo, nitashuka kweli?