Ekzosi Aliyonifungia Datius

Hamugembe, Bukoba
Jumapili, baada ya ibada

Taata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima. Ile malaria iliyonilaza imeondoka na nguvu zimenirudia. Sijui goti lako linaendeleaje na mvua hizi, na kama mama yetu Maawe bado anakugombeza kwa kwenda kibanjani kwenye migomba bila mabuti. Kazi inaendelea, na majirani zangu wanakusalimu.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Taata, simu yako unaiweka spika. Kila nikipiga, wanaosikiliza ni Maawe, shangazi na yeyote aliyekuja kuazima jembe. Haya ni yako peke yako, ndiyo maana nimempa mwinjilisti wetu anayekuja Muleba, akukabidhi mkononi.

Ni habari za Datius. Unakumbuka alivyokuja nyumbani Pasaka na wajomba zake, akala akashiba, akasifia migomba yako, mkakubaliana kwamba Jumamosi hii wataleta mahari. Nilipougua alikuja kunijulia hali. Akasema pikipiki yangu isikae bure, ataipeleka kwa fundi ikabadilishwe oili na kukazwa breki. Nilimshukuru. Nilisema moyoni, huyu ni mwanamume anayejali.

Akairudisha imeoshwa inang'aa, lakini ekzosi ilikuwa imebadilishwa. Bomba langu la moshi refu, la kimya, halikuwepo. Badala yake lilikuwepo jingine fupi, nene, lenye mdomo mpana. Akasema ni zawadi yangu ya harusi. Nilipoiwasha, mbuzi wa jirani alikata kamba. Sitanii, Taata. Ukiongeza mafuta inanguruma, ukiachia inafyatua kama bunduki. Nilimwambia hii ni ya vijana wa kushindana barabarani, mimi nabeba watu. Akacheka. "Utazoea," akasema. "Sasa pikipiki yako ina heshima."

Heshima gani? Abiria wangu unawajua. Ni walimu, wauguzi wanaotoka zamu, akina mama wanaopeleka watoto kliniki. Wananipigia kwa sababu naendesha taratibu na ni mwanamke mwenzao. Asubuhi nilipoanza tena kazi nilikwenda Miembeni kumchukua mama Indumati, yule bibi wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ninayempeleka dukani tangu mumewe afariki. Alipanda, lakini hatukufika mbali akanigonga begani nisimame. Alikuwa ameshika kifua. Akaniambia, "Joyness, mwanangu, sikufukuzi. Lakini hii kitu inanipiga hapa ndani." Akaamua kutembea, nami nikamsindikiza nikisukuma pikipiki iliyozimwa, watu wanatutazama kama tumetoka kugombana.

Baada ya hapo simu zikakatika. Mwalimu mmoja aliniambia waziwazi kwamba nikifika shuleni watoto wote wanakimbilia madirishani. Trafiki alinisimamisha kijiweni, mbele ya madereva wenzangu, akaniuliza kama mwanamke mzima sioni aibu. Kulikuwa na msiba njiani, nikazima injini nikashuka mteremko kimyakimya, na bado mzee mmoja akanikemea kwa sababu ya nilivyopita siku iliyotangulia. Mimi, mtoto uliyemfundisha mwenyewe kuendesha kwenye uwanja wa shule, ukikimbia nyuma umeshika kiti ili nisianguke!

Nilimwomba Datius anirudishie ekzosi yangu orijino. Akasema fundi aliiuza kama chuma chakavu. Nilipouliza tena akasema iliibwa. Alipoanza kubadilisha maneno ndipo nilipokwenda mwenyewe Rwamishenye, kwa fundi Lukmani.

Lukmani alijifanya hana nafasi, akainamia injini ya mtu. Nikakaa juu ya tairi nikamwambia siondoki. Mwishowe akaweka spana chini. "Dada, mimi nilimwambia hii kelele yake ni kubwa mno," akasema. "Nilikuwa na nyingine ya mlio wa kawaida, akaikataa. Akaniambia hata kile kibomba cha ndani kinachopunguza sauti nikitoe." Nikamuuliza kwa nini. Akatazama pembeni. Akanieleza kwamba Datius alitaka abiria wanikimbie wote, niache bodaboda kwa hiari yangu kabla ya harusi, asije yeye akaonekana ndiye aliyenikataza. Kisha akaingia stoo, akatoka na ekzosi yangu imeviringishwa kwenye kiroba. Haikuuzwa wala haikuibwa. Alikuwa ameagizwa aitunze, kwa sababu tukishafunga ndoa ingerudishwa mahali pake, na pikipiki apewe binamu yake Datius aiendeshe.

Pikipiki yangu, Taata! Yenye kadi ya jina langu! Wamekaa wakaigawa nami bado naiendesha. Nilitetemeka kuliko nilivyotetemeka na malaria. Lukmani aliifunga ekzosi yangu palepale, na muda wote hakuweza kunitazama.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi anakouza Datius. Nilidhani atakana. Hakukana. Akaniuliza, "Ningekuambia uache, ungeacha?" Nikasema nisingeacha. Akasema, "Basi," kana kwamba amemaliza kesi. Nikamwambia mtu anayetaka kuniondoa kazini aje anikabili usoni, asinivizie nikiwa kitandani na homa. Nikamwambia uchumba umekwisha. Wateja walisikia, mwenye duka alisikia, na sijutii neno hata moja.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa natoka, Datius alinifuata hadi barazani, akasema kwa sauti ya chini, "Usinikasirikie mimi peke yangu. Muulize baba yako." Anasema siku ile ya Pasaka, mlipokwenda wawili kutazama kahawa, alikueleza kwamba hataki mke wake abebe wanaume barabarani. Na kwamba wewe ulimjibu, "Usimkataze. Huyo ukimkataza ndio umemchochea. Mtafutie njia aichoke mwenyewe."

Nimeyageuza maneno hayo kichwani tangu siku hiyo. Natamani niseme ameyatunga. Lakini Datius hana akili ya kutunga maneno yanayofanana nawe kiasi hicho.

Wajomba zake nimeshawapelekea habari kwamba Jumamosi wasije. Mimi nitakuja Ijumaa, na blanketi la Maawe walilotanguliza kama sehemu ya mahari nitalichukua nikawarudishie kwa mkono wangu. Nikifika, sitaki unieleze dunia ilivyo wala wanaume walivyo. Nataka twende wawili, wewe na mimi, hukohuko kwenye kahawa, uniambie kama ulisema au hukusema. Ukisema hukusema, nitakuamini. Ukisema ulisema, nitakasirika, na labda nitapaza sauti, unisamehe kwa hilo. Lakini nitabaki nile chakula cha Maawe, na goti lako nitalipeleka kliniki kama kawaida. Ukininyamazia, hapo ndipo sitajua nifanye nini na baba yangu.

Maawe usimsomee barua hii. Mwambie tu kwamba nakuja, na kwamba nimepona. Mama Indumati ameanza tena kupanda, na amenipa kitambaa cha gauni nimletee Maawe. Msalimie shangazi na wote hapo nyumbani. Bwana awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,

Joyness