Maji Niliyobeba Matangani

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu aibu yenyewe niliipata mbele ya watu. Ungekuwa hai ningekuja jikoni, nikae kwenye kigoda, nizunguke maneno mpaka uchoke na kuniambia, "Sema, chai inapoa." Sasa hakuna wa kuniharakisha, na nimechelewa vya kutosha.

Unakumbuka matanga ya jirani yetu wa kule bondeni? Nilikuwa bado shule ya msingi. Tulipofika langoni niliganda, sikujua nisimame wapi wala nishike nini. Ulinisukuma mgongoni: "Kwa msiba hauulizi ufanye nini. Shika mtungi." Tuliteka maji mpaka mabega yakawaka moto. Hukula hadi waliotoka mbali wakala kwanza. Njiani nikanuna kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia asante. Ulicheka sana, ukasema anayeshukuriwa ni mgeni, wa nyumbani hashukuriwi.

Hata nyumba yako ilisimama kwa namna hiyo. Uliuza nyanya soko la Tala ukanunua matofali kidogo kidogo, halafu wanawake wa mwethya, kile kikundi chenu cha kusaidiana, wakaja na makarai kukubebea mchanga kutoka mtoni. Uliwapikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, wakala wakiimba. Hakuna aliyelipwa, maana zamu ya kila mmoja ingefika. Mimi na mdogo wangu Mutua tulilala humo kabla ya madirisha kuwekwa, na ulikuwa unajivuna kuliko mke wa chifu.

Ulikuwa ukiwaambia majirani kwamba binti yako anauza manyumba Athi River. Sikukusahihisha. Ukweli ni kwamba ofisi yetu hununua, tena hununua kwa mtu aliyebanwa. Tunawaita "wenye haraka": aliyefiwa, aliyeachwa, aliyefutwa kazi, anayeogopa mnada. Mwenye haraka habishani na bei. Nyumba yake tunaipaka rangi, tunamuuzia mtu wa Nairobi anayetaka mahali pa kupumzikia. Kumpata ndiyo kazi. Tulibandika karatasi kwenye nguzo za stima: tunanunua nyumba yako, pesa taslimu, bila maswali. Tulituma meseji. Tuliwapa watu wa bodaboda kitu kidogo watuonyeshe maboma ambayo nyasi imemea hadi mlangoni. Tulipata watu wachache, na wengi wao walikuwa wajanja kutushinda.

Siku moja mkutanoni meneja akauliza ni nani ana wazo, na mimi, mtoto wako, nikanyoosha mkono. Nikasema tusikilize matangazo ya vifo redioni, maana hutaja watoto wa marehemu na wanakoishi. Ukisikia wote wako mbali, jua hiyo nyumba inakwenda kufungwa. Basi mtu wetu aende matangani mapema, asijitambulishe, ashike kazi tu. "Anayebeba maji haulizwi ametoka wapi," nikawaambia. Akishazoeleka, amkalie karibu yule mtoto mwenye mawazo mengi na kumwambia kwa upole kwamba nyumba isiyo na moshi hufa.

Walinipigia makofi, Mwaitu. Nikapewa kikundi cha kufundisha. Niliwafundisha mpaka namna ya kujifunga leso kiunoni, vile ulivyokuwa unajifunga wewe. Na sikuona haya. Nilijiambia tunawasaidia watu kutua mzigo, na nikalala vizuri kabisa.

Kisha ukaenda wewe. Tangazo lako lilisomwa redioni kama la mtu mwingine yeyote: jina lako, Mutua wa Mombasa, na mimi kwa jina la nyumbani, ambalo kazini hakuna anayelijua. Nilikaa karibu na redio nikilia, wala halikunijia wazo kwamba kuna wengine wanaosikiliza.

Siku waliyochimba kaburi, Mutua alinivuta nyuma ya ghala.

"Dada, hii tuuze tu," akasema. "Mimi niko Mombasa, wewe uko Athi River. Nani atakaa hapa? Nyumba haina moshi inakufa."

Nilimshika mkono. "Nani amekwambia hivyo?"

"Ule mama anaosha sufuria. Ako na watu wananunua haraka, hata mambo ya urithi kortini watatufanyia. Nimeshamwambia sawa."

Nilikwenda jikoni nikiwa na nia ya kumfukuza. Nilimkuta ameketi katikati ya wanawake wa mwethya, anasugua sufuria kwa majivu. Asubuhi hiyo hiyo Mama Mbula, mwenyekiti wao, alikuwa amenong'ona kwamba yule mgeni ametumwa na Mungu. Alikuwa Kanini, mmoja wa niliowafundisha. Aliponiona alisimama, akapangusa mikono, akainama kidogo kwa heshima.

"Madam! Pole sana, Madam. Aki sikujua ni kwenu."

Miiko ilitulia. Mama Mbula akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Kwani mnajuana?"

"Ni mwalimu wetu," Kanini akajibu, maskini, akidhani ananijengea jina. "Ndiye alitufundisha hii kazi."

"Kazi gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini Mutua alikuwa amenifuata, na nyumba ilikuwa imebakiza neno moja tu iende. Nikasema yote, nimesimama kando ya kuni, nikiwatazama miguu. Nilipomaliza, Mama Mbula aliniuliza bila hasira: "Na kama si kwenu?"

Niliinama nikapanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mutua ndiye aliyeniuliza baada ya hapo. "Na wewe ulikuja kuzika ama kununua?"

Tulikuzika kesho yake. Hakuna aliyenitukana. Waliimba vizuri, walipika, walifanya kila kitu ambacho ungefanya wewe. Nilipoinua mtungi kwenda kuteka maji, Mama Mbula aliutoa mkononi mwangu polepole. "Asante, wewe kaa tu," akasema. Nilikaa pale kwenye viti, katikati ya watu wa kutoka mbali, na nikatamani ardhi inimeze nami.

Kazi niliiacha, lakini usinipongeze. Niliowafundisha bado wanazunguka matanga ya watu, na nasikia wanaifanya vizuri. Siku hizi mwanamke nisiyemjua akija kusaidia mahali kwenye msiba, naona wenyeji wakiulizana kwa macho. Zamani hawakuwa wakiulizana hivyo. Hilo nimeliharibu mimi, na sijui linavyotengenezwa. Nimeona haya kwako kuliko kwa mtu yeyote aliye hai.

Nyumba haikuuzwa. Mutua alikataa katakata, akamleta mke wake na watoto wakae humo. Majuzi nilikwenda kuwaona. Wifi alinipokea vizuri, akaniwekea chai sebuleni, watoto wakanisalimia kwa mkono. Mutua alikuwa amepaka lango rangi mpya. Unajua vile watu siku hizi wanavyoandika kwenye malango na kuta kwa herufi kubwa nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI, ili matapeli wasije wakaonyesha wateja mali ya wenyewe? Naye ameandika. Nilipofika sikuyaona maneno hayo, kwa sababu upande wa barabara lango ni safi. Niliyasoma kupitia dirishani nikiwa nimeketi ndani, kikombe mkononi, lango limeshafungwa. Ameyaandika upande wa kuelekea nyumbani.

Pumzika, Mwaitu. Nisamehe ukiweza.

Ni mimi, kifungua mimba wako.