Baruti Nyeusi na Binti Mwoga

Mama mpendwa,

Saa hii tu mjukuu wako Nyamusi amechukua kifuniko cha sufuria akakipiga sakafuni, pwaa! Akaniangalia aone kama nitaruka. Sikuruka. Tumecheka mpaka akapata kwikwi. Basi nakusalimu sana katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje? Na watu wa soko hapo Kisegi, ni wazima? Sisi hapa Awendo hatujambo.

Mama, Jumapili siuzi chai peke yake kule machimbo ya mawe. Pale kuna chama cha watu wa kupiga shabaha, na mimi nimeanza kujifunza. Usishtuke. Bastola ni za chama, ziko na kibali, na hazitoki pale. Ni zile za kizamani, za baruti nyeusi. Unamimina baruti kwa kila tundu la silinda, unaweka goroli ya risasi, unaishindilia, unapaka mafuta mazito juu ili moto usirukie tundu la jirani, halafu unavika fataki, kile kikofia cha kuwasha baruti, kwa nyuma. Matundu sita, chai inapoa ukijaza!

Anayefundisha ni Mzee Mirumbe, askari wa wanyamapori aliyestaafu. Siku ya kwanza niliogopa hadi nikasahau kutia baruti. Nikafyatua, ikalia ta! kama njiti ya kiberiti. Wazee walicheka! Mzee Mirumbe akasema ati Mama Nyamusi amepika chai bila majani. Nikamjibu kwamba hata hiyo wangeimaliza. Akaitoa goroli polepole, nikaanza upya. Safari hii ililia kweli. Moshi mweupe ukanifunika, nikanuka mayai viza, na nikajikuta bado nimesimama. Nilipiga kigelegele, Mama, kama niko harusini.

Sasa nikwambie ukweli. Uliposema utakuja Disemba umchukue Nyamusi umlee, nilikubali haraka hadi ukashangaa. Ni kwa sababu Aprili trela ya miwa ilipasuka gurudumu karibu na kibanda changu. Unanijua mimi na ngurumo tangu utoto. Nilikimbia. Nilifika stendi ndipo nikakumbuka nimeacha mtoto kwa mkeka. Jirani yangu Sheila ndiye alimbeba. Hakuumia, lakini nilijiambia mimi si mama wa kulea. Sikumwambia mtu, hata Japheth baba yake.

Juzi trela ingine ilipasuka gurudumu. Niliinama nikamfunika Nyamusi, nikabaki palepale. Alilia kwa vile nimembana, si kwa mlio.

Nisamehe, Mama. Disemba njoo, lakini usije kumchukua. Njoo ukae na sisi, nikupeleke machimboni na pamba ya masikio. Wasalimie wote kanisani.

Ni mimi binti yako, Bonareri.

Sheila ananiita huko nje, lakini wacha nimalizie hii: Japheth anaunda kitanda cha Nyamusi. Ameniuliza akate mbao fupi au ndefu, nikamwambia ndefu kabisa, maana huyu atalala hapa mpaka akue mkubwa.